Ziwani Hakuna Mtandao

Ijumaa ya tarehe 16 Agosti 2024, saa moja na nusu jioni kwa saa za Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, ligi ilifunga mlango mwanzilishi wake akiwa bado nje. Ni yeye, mwalimu wa hesabu, aliyewakusanya marafiki watano, akaandika kanuni kwa mkono katika daftari la kurasa 96, akawasomea mara mbili. Alipanga kuteua kikosi chake usiku huo huo baada ya kula bukari, kwa utulivu, akiwa na kalamu nyekundu ya kufutia na ya bluu ya kuthibitishia. Alipofungua simu saa mbili, Manchester United na Fulham walikuwa wanapasha misuli moto, na programu ikamwambia kwamba kikosi chake kitaanza kuhesabiwa wiki ya pili.

Kanuni aliyoisahau aliiandika mwenyewe, namba nne: kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Hata aliipigia mstari chini yake.

Wasioujua mchezo huu waelezwe kwa kifupi. Unaitwa Fantasy Premier League, na Ligi Kuu ya Uingereza imekuwa ikiuendesha tangu mwaka 2002. Mtu hupewa pauni milioni 100 za hewani, akanunua wachezaji 15 wa kweli: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, mradi wasizidi watatu kutoka klabu moja. Wachezaji hao wakicheza kweli Jumamosi, yeye hupata pointi: beki akifunga bao ni sita, kiungo tano, mshambuliaji nne, pasi ya bao ni tatu, kadi nyekundu hukata tatu. Mmoja kati yao huvishwa unahodha, na pointi zake huzidishwa mara mbili. Kila wiki mtu anaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja bure. Akitaka kubadilisha zaidi, kila anayezidi hukata pointi nne. Wiki ni 38. Kucheza ni bure, na mamilioni ya watu hucheza, wakiwemo watu wa akili nyingi. Desemba 2019 aliyekuwa akiongoza dunia nzima ni Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wakati huo, na msimu huo ulipokwisha mshindi akawa Joshua Bull, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Oxford.

Mwalimu aliyajua majina hayo mawili. Ndiyo yaliyompa moyo.

Wenzake hawakuwa wa Oxford. Kulikuwa na fundi simu, mwenye kibanda chenye betri kubwa ambako Likasi nzima huchaji umeme ukikatika. Kulikuwa na muuguzi, ambaye wote humwita Yaya, shabiki wa Arsenal kwa miaka yote ya shida na michache ya raha. Kulikuwa na dereva wa lori la shaba anayekwenda hadi mpaka wa Kasumbalesa na kungoja huko zamu yake ya kuvuka kuingia Zambia. Kulikuwa na mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa kampuni ya migodi ya Gécamines, miongoni mwa zaidi ya 10,000 walioacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003. Na kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki, mpenzi wa Liverpool, ambaye kila Ijumaa hupanda gari kwenda ziwa Tshangalele na kurudi Jumapili na makapu ya tilapia na kambale.

Ziwa hilo ndilo lililouamua msimu, kwa hiyo lazima lielezwe. Tshangalele si ziwa la tangu na tangu. Lilizaliwa mto Lufira ulipozibwa Mwadingusha, na kituo cha umeme cha hapo kikaanza kazi mwaka 1930 ili mitambo ya shaba ya Katanga ipate nguvu. Kituo hicho kimekarabatiwa, na tangu mwaka 2021 mitambo yake sita ina uwezo wa megawati 78, kwa fedha zilizotoka mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Umeme huondoka hapo kwa nyaya nene kwenda mbali. Mtu aliye ufukweni usiku, akitafuta mahali pa kuchajia simu, hutafuta mvuvi mwenye kibao cha sola, na simu ikishajaa bado atatafuta mtandao. Upo kilimani siku ambazo hakuna mawingu. Ufukweni, samaki wanapopimwa, haupo.

Wote waliliona hilo mapema, wakamhurumia mfanyabiashara wa samaki. Fundi simu alisema waziwazi kwamba mtu wa samaki ameingia ligi kusindikiza.

Wiki hizo za mwanzo mwalimu alijifariji kwa historia. Michezo ya namna hii ilipata umbo lake la leo Marekani mwaka 1980, si kwa mpira wa miguu bali kwa besiboli, mchezo wa kupiga kijipira kwa gongo ambao Likasi hauchezwi. Mhariri mmoja, Daniel Okrent, aliwashawishi marafiki zake waliokuwa wakila pamoja katika mkahawa wa New York ulioitwa La Rotisserie Française. Kila mmoja alipewa kiasi sawa cha dola za kununulia wachezaji kwa mnada, na msimu mzima hesabu zilipigwa kwa mkono kutoka kwenye takwimu za magazeti. Bingwa alimwagiwa kichwani Yoo-hoo, kinywaji cha chupa chenye ladha ya chokoleti. Na Okrent mwenyewe, aliyebuni kila kitu, hajawahi kuchukua ubingwa katika ligi yake.

Mwalimu alilieleza jambo hili la mwisho kama fahari. Wenzake walilipokea kama utabiri.

Kuhusu kumwagiwa kinywaji, ligi ya Likasi ilijadili kumwagia bingwa bia ya Simba. Mzee akauliza ni nani atakayeinunua bia ili imwagwe chini. Hoja ikafa hapo. Wakakubaliana kwamba watano watakaoshindwa watachanga franga, wamnunulie bingwa kapu moja kubwa la samaki wa Tshangalele. Likaandikwa kwenye daftari, wote wakatia sahihi, na hakuna aliyefikiria zaidi.

Timu ya Mzee ilikuwa na falsafa. Yeye hakutazama takwimu, alitazama damu. Alimtaka kila mwenye asili ya Kongo aliyekuwa akicheza Uingereza, na akawapata wengi kuliko wenzake walivyodhani: Yoane Wissa wa Brentford, Aaron Wan-Bissaka wa West Ham, Axel Tuanzebe wa Ipswich aliyezaliwa Bunia, Youri Tielemans wa Aston Villa ambaye mama yake ni Mkongo, Jean-Philippe Mateta wa Crystal Palace ambaye baba yake ni Mkongo, na watatu wa Chelsea kwa mkupuo: Christopher Nkunku, Axel Disasi na Roméo Lavia. Kipa wa damu ya Kongo hakumpata. Aliuliza kama Kidiaba bado yupo. Akaambiwa kwamba Robert Kidiaba aliacha kucheza siku nyingi, na kwamba hata enzi zake hakucheza Uingereza. Akanung'unika, akachukua makipa wawili wa bei ya chini kabisa ambao majina yao hakuyashika hadi mwisho wa msimu.

Falsafa hiyo ilikutana na maisha. Tarehe 14 Septemba, pale Manchester City, Wissa alifunga sekunde ya 22. Mzee alikuwa bado hajakaa. Alishangilia kwa kuruka kwa makalio, kama Kidiaba alivyofanya klabu yake ya Mazembe ilipoitoa Internacional ya Brazil mwaka 2010, na akahitaji kusaidiwa kuinuka. Alipokwisha kuinuliwa, Haaland wa City alikuwa amefunga mawili, na katika mechi hiyo hiyo Wissa akaumia kifundo cha mguu, akakaa nje wiki kadhaa. Lavia aliandamwa na majeraha tangu mwanzo. Nkunku alicheza zaidi Alhamisi, katika ligi ya tatu ya Ulaya, ambako mabao yake yaliisaidia Chelsea lakini hayakuingiza hata pointi moja katika daftari la Likasi. Disasi, kufikia Februari, alikuwa amekopeshwa Aston Villa.

Lakini kisa kilichozungumzwa kuliko vyote ni cha Oktoba, cha Tuanzebe. Beki huyo hakuumizwa na mshambuliaji yeyote. Alikuwa nyumbani kwake anaosha vyombo, glasi ikamkata mkono, nusura apoteze kidole gumba. Habari ilipofika Likasi, Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama mtu anayelipwa fedha zile hana mtu wa kumwoshea vyombo. Yaya, ambaye kwa kazi yake amefunga bandeji mikono mingi, akajibu:

"Papa, angalau yeye anaosha."

Mzee hakulirudia swali hilo.

Fundi simu alikuwa na tatizo la kinyume: yeye alijua mno. Umeme wa betri alikuwa nao, mega za intaneti alikuwa nazo, na siku nzima kibandani alisikiliza washauri wa kwenye video, vijana wa Uingereza wanaosema haraka kama madalali wa soko. Kila mshauri alisema lake, naye akawatii wote. Mwishoni mwa Septemba aliambiwa kwamba Cole Palmer wa Chelsea amepanda bei na ni wakati wa kumuuza. Akamuuza Ijumaa usiku. Jumamosi ya tarehe 28, dhidi ya Brighton, Palmer alifunga mabao manne kabla ya mapumziko, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika kipindi cha kwanza cha mechi ya Ligi Kuu. Mabao manne ya kiungo ni pointi 20, mbili za kucheza, tatu za nyongeza: 25. Siku hiyo nahodha wa fundi alikuwa Haaland, aliyegharimu pauni milioni 15, na Manchester City wakatoka sare na Newcastle bila yeye kufunga. Wateja waliofika kuchukua simu zao jioni walikuta kibanda kimefungwa.

Dereva naye aliangushwa na foleni. Malori yakisimama Kasumbalesa, mtu anaweza kupika, kula, kulala na kuamka mbele ya tairi lile lile. Wengine hucheza karata. Yeye alikuwa na laini ya Zambia yenye mtandao mzuri, na akagundua kwamba kusajili wachezaji kunapunguza uchovu. Msimu huo kulikuwa na kanuni mpya: asiyetumia nafasi yake ya bure angeweza kuiweka akiba, hadi nafasi tano. Dereva hakuwahi kuweka akiba ya kitu chochote. Wiki moja alibadilisha wachezaji watano akiwa na nafasi moja ya bure, akaanza wikendi na pointi 16 chini ya sifuri. Katika jedwali la mwalimu ilibidi ichorwe safu mpya kwa ajili ya makato yake.

Yaya alikuwa na ugonjwa mwingine, na pengine ndio ugonjwa hasa wa mchezo huu. Alikuwa na Salah, Mmisri wa Liverpool. Alimchukua kwa sababu za kitaalamu tu, kama alivyosema, na kwa masharti kwamba asimfunge mtu wa nyumbani. Jumapili ya tarehe 27 Oktoba, Arsenal waliikaribisha Liverpool, wakawa wanaongoza mabao mawili kwa moja. Dakika ya 81 Salah akasawazisha. Walioketi naye baa wanasema mikono ya Yaya ilikwenda juu kwa furaha, ikasita hapo, ikashuka taratibu hadi kichwani. Mzee alimwambia kwamba aliwahi kumwona mtu katika hali ile: bwana harusi ambaye timu yake ilicheza siku ya harusi yake.

Kwa zaidi ya karne moja, shaba ya Likasi imechimbwa hapa ikahesabiwa kwingine. Kwa mara ya kwanza mambo yaligeuka: mabao yalipatikana kwingine, na hesabu ikapigwa hapa, ndani ya daftari, kwa ukali ambao hata mhasibu wa mgodi angeuogopa. Watu waliozoea kumpenda mchezaji kwa sababu ya jezi walianza kumchukia kwa sababu ya dakika. Akitolewa dakika ya 59 alikuwa na pointi moja, dakika ya 60 mbili, na fundi simu alimlaani kocha wa klabu asiyoishabikia kwa kumtoa beki asiyemjua dakika moja mapema.

Mzee, baada ya hasara za Chelsea, alitoa hoja ya maana: kwa nini wasicheze mchezo huu kwa Mazembe na ligi ya nyumbani? Mwalimu akaeleza kwamba lazima awepo mtu wa kuandika kila pasi, kila kadi, kila dakika, katika kila uwanja. Wakafanya jaribio kwa mechi ambayo kila mmoja aliikumbuka, ile ya Abu Dhabi mwaka 2010, Mazembe 2, Internacional 0. Kabangu bao moja, Kaluyituka bao moja, hapo hakuna ubishi. Kidiaba alicheza mechi nzima, pointi mbili. Hakufungwa, pointi nne. Je, aliokoa mipira mingapi? Kanuni hutoa pointi moja kwa kila mipira mitatu inayookolewa. Dereva alisema sita, Mzee alisema 20. Mzee akadai pia pointi tatu za nyongeza kwa ajili ya kuruka kwa makalio. Mwalimu akasema kanuni haitambui makalio. Kikao kikavunjika, na ligi ya nyumbani ikabaki hoja.

Siku hiyo hiyo ya sare ya Arsenal, Uingereza walirudisha saa zao nyuma, kama wafanyavyo kila Oktoba. Katanga hakuna aliyegusa saa. Kwa hiyo muda wa mwisho wa Jumamosi, uliokuwa saa sita mchana Likasi, ukawa saa saba. Saa hiyo moja ya ziada ilipokelewa kama zawadi, na jedwali la mwalimu linaonyesha kilichofanywa nayo: karibu kila badiliko lililoingizwa kati ya saa sita na saa saba lilikuwa baya kuliko lililokuwepo kabla.

Wakati huo mtu wa samaki hakuwa akibadilisha kitu. Agosti, kabla ya safari ya kwanza, alimpa Salah unahodha kwa sababu yeye ni Liverpool, akampa Palmer unaibu kwa sababu alilipenda jina, akaondoka. Jumapili alirudi akakuta pointi. Wiki iliyofuata mvua, wiki nyingine gari bovu, wiki nyingine samaki walikuwa wengi na muda wa simu haukupatikana. Kufikia Novemba wenzake waligundua kwa hasira iliyochelewa kwamba mtu asiye na mtandao hakatwi pointi nne.

Desemba wakadhani Mungu amewasikia. Tarehe 7, Jumamosi, dhoruba Darragh iliipiga Uingereza, na asubuhi ikatangazwa kwamba mechi ya Everton na Liverpool imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Likasi kulikuwa na masaa ya kutosha kabla ya kufungwa kwa vikosi. Ilikuwa asubuhi ya kazi nzito. Fundi simu alihamishia unahodha kwa Haaland. Yaya akampa Saka wa Arsenal. Dereva, akiwa kwenye foleni yake, alimuuza kabisa Salah kwa pointi nne, na wiki iliyofuata akamnunua tena kwa nne nyingine. Wote walijua kwamba ufukweni Tshangalele kuna mtu mmoja ambaye nahodha wake hachezi na hana habari. Wakataniana kwamba atumiwe mjumbe kwa pikipiki, wakaacha.

Haaland alifunga moja. Saka alifunga dhidi ya Fulham mwishoni, Yaya akapiga ukelele uliosikika nje, bao likakataliwa kwa sababu mwenzake Martinelli alikuwa ameotea. Na kanuni inasema kwamba nahodha asipocheza, unahodha huenda kwa naibu. Jumapili, Chelsea walitoka nyuma mabao mawili wakaifunga Tottenham manne kwa matatu, mawili yakiwa penalti za Palmer. Mtu wa samaki alifika sokoni jioni ile na makapu yake, akashangaa kwa nini hakuna anayemsalimia.

Salah alilipwa mechi yake. Ile ya Everton ilichezwa tarehe 12 Februari 2025, ikahesabiwa katika wiki ya 24, pamoja na ile ya Bournemouth alikofunga mawili. Bao na pasi ya bao kwa Everton vikafanya jumla ya pointi 29 kwa wiki moja. Hapa historia imtendee haki mwalimu. Aliitunza tangu Agosti karata yake ya nahodha wa mara tatu, ambayo huzidisha pointi za nahodha mara tatu badala ya mbili, akaichunguza ratiba kwa kalamu mbili, akaitupa wiki hiyo hasa: pointi 87 kwa mchezaji mmoja. Aliuweka ukurasa huo wazi mezani kwa majuma. Wanafunzi wake walipigiwa hesabu za uwiano kwa mifano ya Salah hadi Pasaka.

Haikutosha. Msimu ulipofungwa mwezi Mei, Salah alikuwa na mabao 29, pasi za mabao 18 na pointi 344, nyingi kuliko alizowahi kupata mchezaji yeyote katika mchezo huu. Rekodi ya zamani, 303, ilikuwa yake mwenyewe. Aliyemwachia unahodha mwaka mzima alivuna 688 kwa mguu mmoja wa Mmisri. Mtu wa samaki akawa bingwa. Yaya alikuwa wa pili. Mzee, ambaye wote walimtabiria mkia, alikuwa wa tatu: Wissa alirudi akamaliza na mabao 19, Mateta 14, na damu ikaheshimika. Fundi simu akafuata. Mwalimu akawa wa tano, na kila anayetaka kumsikiliza huonyeshwa hesabu za ile wiki ya kwanza aliyofungiwa nje, ambazo zingemfanya awe wa nne. Dereva hakuonekana kwenye kikao cha mwisho. Alikuwa Kasumbalesa.

Daftari likafunguliwa kwenye ukurasa wa zawadi: kapu moja kubwa la samaki wa Tshangalele, linunuliwe na walioshindwa. Watano walichanga. Yaya akatumwa sokoni, akauliza bei kwa wauzaji wote, na siku hiyo aliyekuwa na tilapia wa maana ni mmoja. Aliombwa apunguze. Akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba samaki ni wa bingwa na hawezi kumpa bingwa samaki wa bei ya chini. Wakalipa bei ya soko, akalipokea kapu kwa mikono miwili, wakapiga makofi. Saa moja baadaye kapu lile lile lilikuwa mezani pake linauzwa.

Kwa faida hiyo alinunua simu yenye laini mbili na kibao chake cha sola. Msimu wa pili ulipoanza, Ijumaa tena, tarehe 15 Agosti 2025, mwalimu aliwahi kwa siku tatu. Salah alikuwa amepanda hadi pauni milioni 14.5. Bingwa sasa hupanda kilimani kila Jumamosi, husikiliza washauri wa video na kubadilisha nahodha kila wiki. Mwishoni mwa Novemba, Liverpool walipomwanzisha Salah benchi dhidi ya West Ham, bingwa aliipata habari dakika ile ile kwa mtandao safi kabisa, wakati ambapo haikuwezekana tena kubadilisha chochote.

Mzee ndiye aliyebaki na msimamo. Septemba mosi Wissa alihamia Newcastle. Tarehe 9, akiichezea Kongo dhidi ya Senegal pale Kinshasa, aliumia goti, na ilijulikana kwamba hataonekana kwa miezi. Fundi simu alimwonyesha Mzee alama nyekundu kwenye kioo, na orodha ya washambuliaji wazima wa bei ile ile. Mzee alivaa miwani, akasoma orodha yote, akavua.

"Ameumia kazini kwetu," akasema. "Wa kazini hafukuzwi akiwa hospitali."

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba atapata sifuri kila wiki. Mzee akaomba simu, akauliza ni wapi pa kubonyeza, na akamfanya Wissa naibu nahodha.